Bango la Njia Panda

Nililiona bango lile nikiwa na beseni la palapa, kiungo chetu cha tangawizi na pilipili, kichwani, na nusura pilipili yote inimwagikie machoni. Uso wa mwanangu Alinor ulikuwa umetandazwa pale njia panda, mkubwa kuliko mlango wa msikiti, meno yote nje. Juu yake wameandika: HONGERA INJINIA ALINOR, FAHARI YA UKOO. Chini, kwa herufi nene kuliko za jina la mtoto mwenyewe, wameandika kwamba pongezi hizo zimetoka kwa baba yake mkubwa, mzee wa ukoo, Datu Lomala.

Fahari ya ukoo! Shenzi kabisa!

Huku kwetu ziwani mtoto akifaulu mtihani wa taifa hutundikiwa bango, hata kama kafaulu kwa kuponea chupuchupu. Sina ugomvi na hilo. Wenye amani watundike watoto wao mpaka waezeke mabango kwenye mapaa ya nyumba. Lakini sisi tuko kwenye rido, tunauana na watu wa ng'ambo ya mto, na zamu ya kuua ni yao. Wakati wa rido hawamtafuti aliyefyatua bunduki. Wamfanyie nini yule? Mtu hana mbele wala nyuma, ukimuua hata mbwa wake halii. Wanamtafuta aliye bora, yule ambaye akianguka ukoo mzima utakaa chini. Ndivyo heshima ya ukoo inavyokombolewa, hiyo maratabat yao wanayoipigia vifua.

Walianza na mume wangu, Camar. Uchaguzi wa mkuu wa kijiji, maneno, matusi, mwishowe risasi, na Camar ndiye aliyependwa kuliko wote, kwa hiyo wakamchagua yeye wa kumuua. Watu wetu wakajibu kwa kumuua Hafid, kijana wa ng'ambo, muuguzi, mtu aliyekuwa akiwachoma sindano hata wazee wa upande wetu bila kuwauliza wametoka wapi. Walimchagua vipi? Mama yake, Naifah, alikuwa amemtundikia bango getini alipofaulu uuguzi. Lomala alipita na mashua, akalisoma, akarudi nyumbani akasema, "Yule." Neno moja tu.

Tangu siku ile mwanangu hakutoka nje. Madirisha yamefungwa, pazia limeshushwa, mtoto anakua mweupe kama chipukizi la mpunga lililofunikwa na gunia. Na mimi? Wanawake hatupigwi risasi, basi nikawa mume, mke na punda. Shamba mimi, soko mimi, paa likivuja napanda mimi. Na sokoni nilikuwa na kazi nyingine: kumtukana mwanangu.

"Alinor hajambo?" wanauliza.

"Yule zuzu? Yupo. Jana kajifungia chooni akashindwa kutoka."

Wanacheka, nami nacheka. Nilimshusha thamani kila siku ya Mungu, mpaka watu wakaanza kunipa pole kwa kuzaa mtoto wa namna ile. Nikifika nyumbani namkuta kwenye taa yake ya sola, vitabu vimemzunguka, masomo ya chuo anayapata kwa simu, anakokotoa uzito wa madaraja. Alipokwenda kufanya mtihani, shangazi yake alimtorosha kwa lori la mpunga, chini ya magunia. Hakuna aliyejua. Basi majina yakatoka gazetini, Lomala akasoma, na huyo mbio kwa mchora mabango.

Nilikwenda kwake na beseni langu hivyo hivyo. Alikuwa kibarazani anakunywa kahawa.

"Shemeji, ondoa bango."

"Mama Alinor! Kaa kwanza, upate kahawa."

"Sitaki kahawa yako. Bango."

"Hivi wewe huoni fahari? Mtoto ameuinua ukoo. Watu wa ng'ambo nao wajue kwamba tuna wasomi."

"Wajue, ee? Si ungeandika na chumba anacholala!"

"Punguza sauti. Kuliondoa sasa ni aibu. Watasema tumewaogopa."

"Wewe una wavulana watatu, shemeji. Wa kwanza kafaulu nini? Wa pili je? Wa tatu huyu anayefuga majogoo ya kupiganisha, mbona uso wake siuoni njia panda?"

Alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari, akakoroga, akakoroga. Hapo nikajua kwamba alikuwa anajua. Watu wa ng'ambo wakishapata wa kwetu mmoja aliye bora, hawatakuwa na haja ya wanawe. Nilitamani kummwagia palapa usoni, wallahi, ila ningepoteza palapa bure.

Basi nikampigia simu wifi yangu Jamerah, yule shangazi wa lori. Yuko wapi? Patani! Anafundisha watu amani!

Ngoja niwaambie kuhusu huyu Jamerah, maana mkisikia wanavyomtaja redioni mtadhani ni mtu mrefu. Ni kamwanamke kafupi, kana viatu vya raba vya kijani, kalikuwa kanafundisha darasa la kwanza. Ni dada yake marehemu Camar, na dada yake huyo Lomala vilevile, Mungu hana ubaguzi. Alianza usuluhishi bila mtu kumtuma. Kwa kuwa wanawake hatuguswi, alikuwa akivuka mito na kapu lake la tangawizi, anaingia nyumba iliyofiwa, na hapiti sebuleni. Anakwenda moja kwa moja jikoni. Anakaa na mwanamke wa nyumba, anamenya tangawizi, na swali lake la kwanza ni, "Siku hizi nani anakupikia?" Hapo mwanamke analia, na akishalia anasema, na akishasema Jamerah anajua wanaume wa nyumba ile wanataka nini hasa kuliko wanavyojua wenyewe. Amezima rido ambazo majaji walishindwa. Mpaka wakamwingiza kwenye baraza la wataalamu wa kanda nzima, wanaozunguka nchi za jirani kuzuia damu kabla haijamwagika. Leo Aceh, kesho Patani. Anabeba chupa ya palapa kwenye mkoba kwa sababu anasema hotelini chakula hakina adabu.

Na sisi je? Kila nilipomwambia atusuluhishe, jibu lilikuwa lile lile. "Wifi, msuluhishi awe na damu ya pande zote mbili, au asiwe nayo kabisa. Mimi nina kaka kaburini. Nikienda, nakwenda kama adui." Sawa. Kwa hiyo nchi nzima inapona, nyumba ya daktari inaoza.

"Jamerah," nikamwambia kwenye simu, "ndugu yako kamtundika mwanangu."

Nikamsimulia.

"Usimtoe nje," akasema. "Nakuja."

"Utakuja lini? Watampiga hata dirishani! Nimeshapata njia. Namvisha baibui langu na niqabu, tunatoka wote asubuhi kama mama na binti, mpaka mji wa Iligan, apande meli."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Soraida, nisikilize. Wakimgundua mwanamume mmoja ndani ya baibui, kesho yake hakuna baibui litakalopita mto huu bila kupigwa. Wewe unakwenda soko kwa sababu ya nini? Mimi nimeingia nyumba zote zile kwa sababu ya nini? Ni huo uzio mmoja tu uliobaki. Ukiuvunja wewe, hatutaujenga tena."

"Mwanangu atakufa kwa ajili ya uzio!"

"Sijasema afe."

"Umesema! Umesema kwa lugha ya semina! Ungezaa wewe usingesema hivyo!"

Nikakata simu. Jamerah hakujaaliwa mtoto, na nililijua hilo niliposema. Lakini nilikuwa na hasira, na hata leo nikikumbuka lile "hapana" lake la haraka, damu inanichemka. Ubaya wake ni kwamba alikuwa akisema kweli. Niliwaza wanawake wenzangu wa sokoni, mmoja mmoja, na mabeseni yao kichwani, nikalikunja baibui nikalirudisha sandukuni. Nililipiga ngumi kwanza.

Basi nikakaa nikafikiri. Wanamtaka aliye bora. Bora ni nani? Ni yule anayetajwa na bango.

Asubuhi nikaenda Iligan kwa mchora mabango, na picha ya Lomala aliyopiga aliporudi hija, kilemba cheupe, kidevu juu.

"Andika," nikamwambia kijana wa dukani. "HONGERA DATU LOMALA. KICHWA CHA UKOO. SIMBA WA ZIWA. HAPANA LIPANDALO WALA LISHUKALO BILA YEYE. AKIKOHOA YEYE, UKOO MZIMA UNAUGUA."

"Mama, amefaulu nini?"

"Kila kitu. Ongeza ukubwa wa uso."

Wanawake wa sokoni walinishikia ngazi. Tukalitundika juu ya bango la Alinor, likamfunika mwanangu mpaka unyayo. Kufika adhuhuri watu wanamiminika kwa Lomala kumpa mkono. Akaja mwenyewe kutazama, anatabasamu, mikono nyuma. Akalisoma. Akalisoma tena, polepole, midomo inacheza. Nilimwona akigeuza shingo kutazama ng'ambo ya mto, na lile tabasamu likamkauka.

"Nani kaweka hili?" akanong'ona.

"Ukoo, shemeji. Tunakuonea fahari."

"Liondoeni."

"Kuliondoa sasa ni aibu. Watasema umewaogopa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Akaondoka akipita kandokando ya ukuta.

Aliingia ndani hakutoka tena. Pazia likashuka, dirisha likafungwa. Mkewe akaja kwangu kulia: mara anataka kahawa, mara amesikia mashua, mara paa linavuja na wanawe hawathubutu kupanda. Nikamwambia, "Panda wewe, dada. Si sisi hatupigwi?" Haukupita muda Lomala mwenyewe, huyo aliyesema amani ni ya wenye mikono mitupu, akamtumia Jamerah ujumbe: njoo utusuluhishe, dada yangu mpenzi. Mpenzi! Ndiyo kwanza nalisikia.

Jamerah alifika na mgeni, mama wa makamo kutoka Patani aliyeitwa Saniah, mmoja wa wale wataalamu wenzake. Walipita chini ya bango kabla ya kufika kwangu. Jamerah aliingia jikoni na raba zake bila hata salamu.

"Umemweka kaka yangu mbele ya bunduki!"

"Na yeye alimweka nani?"

"Mimi nazuia watu wasiuawe, Soraida! Ndiyo kazi yangu! Wewe unanitundikia maiti njia panda!"

"Kwa Alinor uliniambia kuna uzio. Kwa Lomala unapiga kelele. Kumbe wote wawili hawana thamani sawa, ee?"

Jamerah akavuta kibao akakaa, akachukua tangawizi yangu akaanza kumenya. Saniah alikuwa anakula wali na palapa, machozi yanamtoka kwa pilipili na haachi.

"Dada Jamerah," akasema, "ulipokuja kwetu mara ya kwanza, kabla hujafungua hata mkoba, ulituuliza nani amekwenda kuhani upande wa pili. Tulikuchukia siku ile. Haya. Msiba wa Hafid, nani alikwenda?"

Tangawizi ikasimama mkononi.

"Sikwenda," akasema Jamerah.

"Wala mimi," nikasema, "na sitaomba radhi. Walikuwa wamemuua mume wangu."

"Sijakuuliza wewe, mama," Saniah akajibu kwa upole, akaongeza palapa. "Namuuliza mwalimu wangu."

Jamerah alilia pale jikoni kwangu, kilio cha hasira, anajipiga goti kwa ngumi. Alisema alijificha nyuma ya kanuni zake. Kwamba msuluhishi hawezi kwenda, kweli, lakini mfiwa yeyote anaweza kwenda kumpa pole mfiwa mwenzake, na yeye alikuwa na miguu miwili. Kisha akajifuta uso kwa kanga yangu chafu, akasimama.

"Saniah atakaa na wanaume. Hana damu ya upande wowote. Mimi na wewe, wifi, tunakwenda jikoni kwa Naifah."

"Mimi siendi."

"Unakwenda. Umeshanitukana vya kutosha, sasa nisindikize."

Tukavuka daraja. Naifah alituona tangu mbali na hakuinuka. Ni mwanamke mkubwa wa mwili, mtulivu, alikuwa anapepeta mchele. Jamerah akapita mpaka jikoni, akakaa chini, na kwa mara ya kwanza nilimwona akikosa la kuuliza.

"Tumekuja kukupa pole ya Hafid," akasema.

"Sasa?" Naifah hakuacha kupepeta. "Mwanangu ameshakuwa udongo, mnakuja sasa? Mmekuja kwa sababu mwenye kilemba wenu anaogopa kutoka chooni. Mnadhani habari hazivuki mto?"

"Mimi sikuja kwa ajili ya yule," nikasema. "Mimi yule wakimpiga nitapika wali wa manjano wa sherehe. Nimekuja kwa sababu nina mtoto mmoja."

Ungo ukatulia. Akanitazama.

"Mimi pia nilikuwa na mmoja."

Aliinuka, akafungua kasha la mchele, akatoa turubai lililokunjwa vizuri kama sanda. Akalikunjua sakafuni. Hafid, na kofia yake ya uuguzi, anacheka. HONGERA, MWANA WA MAMA. Lilikuwa na tundu pembeni, sikuuliza la nini.

"Sitaki ng'ombe wenu wa fidia," Naifah akasema. "Wanaume watakula ng'ombe, watapeana mikono, basi. Mimi nataka mwanangu atundikwe pale njia panda kwenu, mpite chini yake mkienda soko, mkienda msikitini, kila siku mumtazame. Na atakayemtundika ni huyo injinia wako. Kwa mikono yake. Mchana kweupe."

"Na ndugu wa marehemu mume wako, wenye bunduki?" nikamuuliza.

"Watakuwa darajani. Watamwona."

"Wakimpiga je?"

"Nitasema nao. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo. Mimi niliahidiwa nini?"

Njia nzima ya kurudi nilimtukana Jamerah. Nilimtukana yeye, na Patani, na baraza lao, na kila mtu aliyewahi kutamka neno amani kwenye kipaza sauti. Alitembea tu na raba zake. Tulipofika mlangoni akasema, "Siwezi kukwambia umwachie. Nikikwambia, nitakuwa namchagua kama Lomala alivyomchagua. Ukikataa, nitarudi kwa Naifah nimwambie umekataa, na sitakulaumu mpaka nakufa."

Nikamwambia Alinor kila kitu, nikitegemea atakataa. Alisikiliza, kalamu sikioni.

"Mama," akasema, "nimechoka kuwa zuzu."

Saniah alikaa na wanaume wa pande mbili, na Lomala alikubali yote kabla hayajamalizika kusemwa. Kisha ikaja siku yenyewe. Mwanangu alitoka nje akifinya macho kwa jua, akiwa amevaa shati la baba yake. Watu wetu walikuwa wamesimama mbali, wanawake mbele. Darajani walikuwapo wale wanaume wa ng'ambo, na bunduki zao hazikufichwa. Mimi nilishika ngazi upande mmoja, Jamerah upande wa pili.

Alinor alipanda. Kwanza alimshusha Simba wa Ziwa, akaliachia likaanguka matopeni, na hakuna aliyeliokota. Uso wake mwenyewe ukatokea, ukicheka. Akavuta turubai la Hafid akaanza kulifunga kando ya lake, mgongo wake wote umeelekea darajani, mpana, na shati la Camar limelowa jasho katikati. Nilikuwa nautazama ule unyevu tu. Ngazi ikaanza kutikisika, nikajua ni mikono yangu.

Ndipo nikamwona Naifah anawaacha wanaume wake. Alikuja daraja zima kwa mwendo wake ule ule, hakutazama mtu, akafika akasimama nyuma ya ngazi, mwili wake mkubwa kati ya bunduki na mwanangu. Akaishika ngazi kwa mikono yote miwili.

"Shika vizuri, mama Alinor," akanifokea. "Unamwangusha mtoto."

Kisha akainua uso kumtazama Hafid.

"Pandisha kushoto. Liko upande."

"Hivi, mama?" Alinor akauliza kutoka juu.

"Bado. Pandisha tena."